Shangazi, shahada ya elimu maalumu itanilipa au itanifilisi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka 31, nimeolewa na nina watoto wawili. Nina stashahada ya ualimu, na mwaka huu natimiza miaka 8 darasani. Sijawahi kuandika barua ya namna hii, nisamehe nikizunguka.

Miaka miwili iliyopita nililetewa darasani mtoto asiyesema. Wenzangu walinionea huruma. Mmoja akaniambia, "Mkalishe nyuma, mpe karatasi achore, mwaka utaisha." Nilimkalisha nyuma kweli. Kila kengele ikilia aliziba masikio na kuingia chini ya meza, na kumtoa huko ilikuwa vita vya nusu saa. Siku moja nikamchukua anisaidie kubeba madaftari, kengele ikalia tukiwa upande wa pili wa uwanja, mbali nayo. Hakuziba masikio. Kesho yake nikamtoa tena dakika mbili kabla, safari hii kwa makusudi, na keshokutwa vilevile. Baada ya wiki tatu alikuwa anakuja mwenyewe kunishika mkono muda ukikaribia, ananivuta mlangoni. Shangazi, nilirudi nyumbani siku hiyo nikalia. Nilifurahi, halafu nikawaza ni watoto wangapi nimewakalisha nyuma kwa miaka ile yote kwa kutojua.

Tangu hapo nataka kusoma shahada ya elimu maalumu. Mume wangu hataki. Si mtu mbaya, ananisaidia sana. Anasema, "Unataka tulipe ili upewe kazi ngumu zaidi kwa mshahara uleule?" Yeye anapendekeza nisome uongozi wa elimu, siku moja niwe mwalimu mkuu. Na kuna dada niliyesoma naye stashahada, alishamaliza shahada hiyo ya elimu maalumu, na leo anafundisha jiografia kwenye darasa la watoto 60. Upande wa pili naambiwa walimu wa aina hii ni wachache mno na kazi zinawatafuta.

Sasa hesabu. Nitapima kila kitu kwa mshahara wangu wa mwezi mmoja, ndicho kipimo ninachokielewa. Chuo nilichokipenda kina shahada ya miaka 3, ada mishahara 4 kwa mwaka. Nauli, vitabu, mazoezi ya kufundisha na utafiti wa mwisho, waliomaliza wameniambia nitenge mishahara 3 mingine kwa miaka yote. Mwajiri ananiruhusu kwenda masomoni bila malipo. Benki imekubali kunikopesha ada yote, mishahara 12, nirudishe 18 kwa miaka 5, na makato yanaanza mwezi unaofuata. Nikimaliza nitapanda daraja na mshahara utaongezeka kwa sehemu moja ya tano. Chuo hichohicho kina utaratibu mwingine wa masafa na vipindi vya likizo, miaka 4, ada mishahara 3 kwa mwaka, ila gharama nyingine hufika mishahara 4. Huo nimeuacha kwa sababu watu wanasema shahada ya masafa haina heshima.

Kwa hesabu yangu, ada 12 na gharama 3 ni 15. Nyongeza ni kama mishahara 2 na nusu kwa mwaka. Kwa miaka 6 nimeshajilipa. Naona inawezekana, lakini kila nikitaka kusaini fomu za benki mkono unakuwa mzito. Nishauri.

Mwalimu wa mtoto wa kengele

*

Marahaba mwanangu. Au niseme mwalimu mwenzangu, maana kabla ya kukaa kwenye kiti hiki nilishika chaki miaka 22, na 14 kati ya hiyo ilikuwa kwenye kitengo cha watoto viziwi. Mahali nitakapokusema kwa ukali kidogo, ujue nakusema kama mtu wa nyumbani.

Fomu za benki usisaini. Tutarudi hapo.

Kwanza mumeo, kwa sababu ameuliza swali zuri na wewe umelijibu kwa machozi. Ngazi za mishahara ya walimu, hasa walimu wa serikali, kwa sehemu kubwa hufuata kiwango cha cheti na miaka ya kazi. Hazimwangalii mtoto unayemfundisha. Shahada ya elimu maalumu na shahada ya uongozi wa elimu zitakupandisha daraja lilelile. Kuna waajiri wanaotoa posho kidogo kwa walimu wa elimu maalumu, lakini posho uiweke kwenye hesabu siku utakapoiona imeandikwa kwenye waraka, usichukue maneno ya koridoni.

Kwa hiyo umefunga maswali mawili kwenye kitambaa kimoja. Moja ni kama shahada, yoyote ile, inalipa kwa mtu wa umri wako na mshahara wako. Jingine ni kama kazi hii ya watoto wenye mahitaji maalumu ni yako. La kwanza linajibiwa kwa kalamu. La pili linajibiwa kwa miguu, kwa kwenda kukaa huko. Ukiyachanganya, mapenzi yako kwa mtoto wa kengele yatafunika mashimo ya hesabu, au siku hesabu ikikutisha utaikimbia na kazi yenyewe.

Chukua kalamu. Hesabu yako ya miaka 6 ni ya Abunuwasi. Riba umeiacha nje: benki inakupa 12 inachukua 18, hiyo ni mishahara 6. Tumefika 21. Halafu kuna gharama kubwa kuliko zote ambayo hukuiandika popote, nayo ni mshahara wako mwenyewe. Ukienda masomoni bila malipo kwa miaka 3 unaacha mezani mishahara 36. Hakuna atakayekuletea risiti ya fedha hizo, ndiyo maana karibu kila mtu huzisahau, lakini watoto wako watazihisi. Jumla ni 57. Nyongeza yako ni sehemu moja ya tano kwa mwezi, yaani 2.4 kwa mwaka. Gawanya: ni karibu miaka 24. Utamaliza chuo ukiwa na miaka 34, na shahada itakuwa imejilipa ukiwa na 58. Wenzako umri huo wanahesabu miezi ya kustaafu. Ni kweli nyongeza ya mshahara husaidia pensheni, lakini likizo bila malipo nayo mara nyingi husimamisha michango ya pensheni, kwa hiyo tusijifariji hapo.

Na bado benki. Kurudisha 18 kwa miezi 60 ni kukatwa sehemu tatu za kumi za mshahara kila mwezi, kuanzia mwezi unaofuata. Mwanangu, mwezi unaofuata huna mshahara! Watakata nini? Atakayelipa mkopo huo ni mumeo, kwa miaka 3, huku akilisha nyumba peke yake. Je, umemwambia hivyo, au umemwambia tu kwamba "benki imekubali"? Hata ukirudi kazini na daraja jipya, utakuwa na miaka 2 ya makato iliyobaki. Nyongeza ni sehemu mbili za kumi, makato ni tatu. Utakuwa na shahada ukutani na mfukoni una pungufu kuliko leo. Mkono wako ulikuwa mzito kwa sababu una akili.

Sasa tuuangalie utaratibu ulioudharau. Miaka 4, ada 3 kwa mwaka, gharama nyingine 4. Jumla ni 16, na mshahara wako unaendelea kuingia. Ukigawa kwa 2.4 unapata miaka 6 na miezi 8. Utamaliza na miaka 35, na ukiwa na 42 hivi umeshajilipa. Ukiamua kulipa pole pole bila kukopa, ni theluthi moja ya mshahara wako kila mwezi kwa miaka 4. Inauma, sitakuficha, na bila mumeo kukubali kubeba nyumba kidogo zaidi haiwezekani. Lakini siku ya mahafali hudaiwi na mtu.

Hiyo "heshima" umeisikia kwa nani? Waulize wanaopandisha watu madaraja, maana ndio watakaopokea cheti chako. Kinachowahusu ni kama chuo kina ithibati, kama kozi hiyo yenyewe imeidhinishwa na kama mwajiri anaitambua. Vyuo vingine vina ithibati ila kozi fulani bado haijapita, na mwanafunzi hugundua mwaka wa mwisho. Mwandikie mwajiri barua, utaje jina la chuo na jina kamili la kozi, uulize kama utapandishwa daraja ukimaliza na kama utapangwa kwenye nafasi ya elimu maalumu. Jibu ulitunze. Na kwa kuwa umeshakaa kuandika, ongeza ombi la ruhusa ya masomo yenye malipo. Umeambiwa bila malipo, lakini je, uliomba ya malipo ukanyimwa, au ulipokea ulichopewa? Ukiipata na usikope, ile shahada ya miaka 3 inakugharimu 15 tu, na hapo hesabu yako ya miaka 6 inakuwa ya kweli. Mara nyingi huja na sharti la kumtumikia mwajiri miaka kadhaa baadaye, lisome kabla ya kushukuru.

Kuna nchi zinazobeba sehemu ya mzigo huu. Marekani, kwa mfano, mwalimu wa elimu maalumu mwenye sifa kamili akifundisha miaka 5 mfululizo kwenye shule za watoto wa kipato cha chini anaweza kusamehewa mkopo wa serikali hadi dola 17,500, wakati walimu wa masomo mengi mengine huishia dola 5,000. Nakutajia ujue kwamba jambo hilo huwepo na linaulizwa. Uliza kwenu. Ila usichukue mkopo kwa kutegemea msamaha, kwani masharti ya msamaha ni marefu na aghalabu hudondosha watu mlangoni.

Sasa yule dada wa jiografia. Namfahamu bila kumfahamu, maana wapo wengi. Ukisikia "walimu wa elimu maalumu ni wachache mno", ni kweli, lakini sikiliza vizuri kilichosemwa. Mwaka 2021 UNICEF ilikadiria kuwa duniani kuna watoto wenye ulemavu karibu milioni 240. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 24, unazitaka nchi ziajiri walimu wenye ujuzi wa lugha ya alama au wa nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona, wakiwemo walimu wenye ulemavu wenyewe. Uhitaji, basi, si wa kubuni. Lakini mtoto anayehitaji mwalimu haandiki barua ya ajira. Anayeandika ni mwenye bajeti. Kati ya uhitaji na ajira kuna mtu ofisini ambaye lazima atenge nafasi, aipe fungu, na amzuie mwalimu mkuu mwenye upungufu wa walimu asimchukue mtaalamu wake kuziba pengo la jiografia. Pale asipokuwepo mtu huyo, shahada yako itakuwa karatasi nzuri.

Usiishie kusikia kisa cha rafiki yako, mfuate umhoji. Alipopangiwa hiyo shule, ilikuwa na kitengo? Aliomba kuhamia penye kitengo au alisubiri aonwe? Ana somo la pili la kufundishia? Nadhani analo, na hapo nitakuambia jambo litakalokushangaza: kama analo, alifanya vizuri. Shahada ya elimu maalumu tupu, bila somo, ni chumba chenye mlango mmoja. Ukichoka baada ya miaka 7, na watu huchoka, utatokea wapi? Chagua kozi inayokupa umahiri kwa watoto hawa pamoja na somo moja la kawaida. Halafu tafuta watu watatu waliomaliza chuo hichohicho miaka 3 au 4 iliyopita, uwaulize wako wapi leo. Majibu yao yana thamani kuliko vipeperushi vyote vya chuo.

Jambo jingine la soko hili ni kwamba sura yake inabadilika. Mwaka 1994 wawakilishi wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kuwa shule za kawaida zifungue milango kwa watoto wote. Tangu hapo mkondo umekuwa elimu jumuishi. Kwako maana yake ni kwamba huenda usipate kamwe darasa lako dogo la watoto 8 lenye zulia na picha ukutani. Huenda ukawa mwalimu anayezunguka shule tano, anakaa nusu saa na mtoto, saa nzima na mwalimu wake, akimshawishi asimkalishe nyuma. Kazi hiyo ni ya watu wazima wenzako kuliko ya watoto. Je, unaiweza? Wapo walimu wazuri ajabu mbele ya mtoto ambao hawawezi kabisa kubishana na mwalimu mwenzao.

Ndiyo tumefika kwenye swali la miguu. Uliyoyaona na mtoto wa kengele ni ya kweli, sikupunguzii. Uligundua kwa bahati kitu ambacho wengine hulipia ada wakafundishwe: ulitazama kinachotangulia tabia, ukabadilisha hicho badala ya kupambana na mtoto. Lakini yule ni mmoja, anatembea, anajihudumia, na alikuonyesha mabadiliko ndani ya wiki tatu. Kitengoni kwangu nilikuwa na binti niliyemfundisha alama ya "maji" kwa muhula mzima. Muhula mzima, neno moja, kila siku mara kumi. Siku alipoitumia mwenyewe, mimi nilikuwa nimegeuka naandika ubaoni, aliyeiona ni mwenzangu. Kuna watoto utakaowabadilisha nguo mara mbili kabla ya saa nne. Kuna atakayekung'ata. Kuna mwenye kifafa, ambaye utajifunza kumlaza ubavu na kutazama saa huku darasa zima linakutazama wewe. Mgongo utauma kwa kunyanyua. Na kuna wazazi: wengine watakubusu mikono, wengine watakuuliza lini mtoto "atapona", na itakubidi ujibu bila kudanganya na bila kuvunja moyo wa mtu.

Halafu makaratasi. Wazo la kila mtoto kuwa na mpango wake wa masomo ulioandikwa liliingia kwenye sheria ya Marekani mwaka 1975, likasambaa sehemu nyingi. Ni wazo jema. Pia ni saa za usiku wako, kwa sababu watoto 8 ni mipango 8, na kila mmoja una malengo, vipimo, vikao na saini. Mwalimu mwenzako wa darasa la kawaida hatakuelewa ukisema umechoka na "hao wanane tu".

Nenda ukakae huko. Siku moja ya wageni haitakufunza kitu, watoto wamevalishwa vizuri na wanaimba. Omba wiki mbili wakati wa likizo yako, kama shule za elimu maalumu au vitengo vya jirani havifungi pamoja nanyi, au omba ruhusa ya siku moja kila wiki kwa muhula. Jitolee kufanya kazi ambayo hakuna anayeitaka, ya chooni na ya mlo. Mwisho wake utajua, na wala hutanihitaji mimi.

Ukikaa huko utajua pia utaalamu upi unakuvuta, na hilo hubadilisha hesabu. Shahada nyingi zina jina moja "elimu maalumu" lakini ndani yake unachagua: wasioona, viziwi, ulemavu wa akili, usonji, ugumu wa kujifunza kusoma na kuhesabu. Nukta nundu mtu makini huimudu kwa miezi. Ni nukta 6 katika mistari miwili, zinazotoa michanganyiko 63, na Louis Braille aliibuni mwaka 1824 akiwa kijana wa miaka 15. Lugha ya alama ni jambo jingine kabisa. Ni lugha kamili yenye sarufi yake, kila nchi ina yake, na huijui kwa kukariri alama 200. Utahitaji miaka kati ya viziwi wenyewe.

Hapa niruhusu nitoe la rohoni. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, wengi wao wakiwa wanasikia, wakapiga kura kwamba watoto wafundishwe kwa matamshi na alama ziachwe. Vizazi vya watoto vilifungwa mikono kwa ajili ya kura ile. Ni mwaka 2010 tu, kwenye mkutano wa mfululizo uleule uliofanyika Vancouver, azimio lile lilikataliwa rasmi na majuto yakatolewa. Leo bado naona kozi za elimu ya viziwi ambazo mhitimu wake hawezi kumuuliza mtoto kiziwi ameamkaje. Ukivutwa huko, fungua orodha ya masomo ya chuo, uhesabu saa za lugha ya alama, na uulize kama wakufunzi wake ni viziwi. Kozi ya masafa itakuwia ngumu hapo, nakuambia mapema.

Kwa utaalamu wowote, uliza pia wiki za mazoezi: ni ngapi, kwenye darasa la nani, na nani anakuja kukukagua. Kwenye utaratibu wa masafa hapo ndipo penye mtego. Mazoezi yanatakiwa yafanyike kwenye kitengo, nawe una darasa lako. Nani atalishika? Kama chuo kinakubali uyafanye shuleni kwako na watoto mlio nao, akiwemo huyo wa kengele, umeokoa fedha na umepata pa kujaribia kila unachosoma usiku uleule. Kama hakikubali, zungumza na mwalimu mkuu kabla ya kulipa ada.

Kuhusu uongozi wa elimu: mumeo hakukosea kuutaja, amekosea kukuchagulia. Gharama zitakaribiana na daraja ni lilelile, tofauti ni mlango unaofunguka mbele. Mwalimu mkuu ana posho na mamlaka, lakini viti vya ukuu wa shule ni vichache na hugombewa. Utaalamu wa watoto hawa hugombewa na wachache, ingawa nimeshakueleza kwamba uchache huo haugeuki kazi wenyewe. Kama baada ya wiki zako kitengoni utagundua kuwa kinachokuchoma zaidi ni hasira dhidi ya shule inayomkalisha mtoto nyuma, basi huenda uongozi ndio wako. Mwalimu mkuu anaweza kuihamisha kengele yenyewe.

Ningekuwa wewe, muhula huu ningekwenda kitengoni na kumwandikia mwajiri ile barua pamoja na lile ombi la ruhusa yenye malipo. Nikitoka huko bado nataka, na ruhusa ya malipo imekataliwa, ningechukua ile ya miaka 4 yenye somo la pili, nilipe mwaka kwa mwaka. Nikitoka huko nasitasita, ningesoma kwanza kozi fupi ya cheti. Daraja haipandishi, lakini inakupa mikono, na hasara yake ni ndogo ukibadili mawazo. Na karatasi yenye hesabu hizi ningeiweka mezani mbele ya mumeo usiku mmoja watoto wamelala, pamoja na ile ya 57, ili aone kuwa mmekuwa upande mmoja kuhusu benki bila kujua.

Na huyo mtoto. Mwakani atahamia darasa la mwalimu mwingine, labda yuleyule aliyekushauri umpe karatasi achore. Mwandikie ukurasa mmoja: dakika mbili kabla ya kengele, upande wa pili wa uwanja, akikushika mkono mfuate. Nakala moja mpe mama yake. Nyingine ibaki kwako, siku ya usaili chuoni uende nayo.

Shangazi